Mvua, saa za televisheni na shabiki wa NASCAR

Mei 26, 2024, dereva Mmarekani Kyle Larson alitaka kukimbia mbio mbili za magari kwa siku moja: Indianapolis 500 mchana, kisha ndege hadi Charlotte kwa Coca-Cola 600 ya NASCAR, ligi ya mbio za magari ya Marekani, usiku. Mvua ilichelewesha ya kwanza kwa takriban saa nne. Alipofika Charlotte kumpokea Justin Allgaier, aliyekuwa amemshikia usukani, mbio zilikuwa zimesimama kwa mvua nyingine. Baadaye mvua ikakatika, na mashine za kukausha lami zikaanza kazi. Waliobaki majukwaani wakasubiri hadi usiku mkubwa, wakaambiwa hewa ina unyevu mwingi, lami haikauki, basi. Mizunguko 249 kati ya 400. Ushindi akapewa Christopher Bell. Larson hakuendesha hapo Charlotte hata mzunguko mmoja.

Aliyezoea Safari Rally, ambako tope la Naivasha ndilo utamu wenyewe, atauliza kwa nini mvua isimamishe magari. Jibu liko kwenye tairi: hizi ni vipara kabisa. Kona za Daytona, uwanja mkubwa wa Florida, zimeinama nyuzi 31 na magari yanakaribia kilomita 320 kwa saa. Kwenye viwanja vifupi wameanza kutumia tairi za mvua, na ndizo zilizookoa mbio za New Hampshire Juni 2024. Kwenye viwanja vikubwa bado ni kusubiri. Radi nayo ina sheria yake: ikipiga ndani ya kilomita 13 hivi, shughuli husimama dakika 30, na ikipiga tena hesabu inaanza upya.

Kwa hiyo sina ugomvi na waandaaji kuhusu mvua. Ugomvi wangu ni saa ya kuanza. Zamani mbio nyingi zilianza mapema mchana. Siku hizi nyingi zimesogezwa hadi alasiri kufuata saa za televisheni, na muda wa akiba umekwisha. Daytona 500 ya 2021 ilisimama baada ya mizunguko 15 tu, ikalala karibu saa sita, na Michael McDowell akashinda usiku wa manane umeshapita. Haikuwahi kupimwa Daytona 500 yenye watazamaji wachache wa televisheni kiasi kile kabla yake. Talladega, uwanja mwingine mkubwa, ni hatari zaidi: uwanja hauna taa, jua likizama hakuna mjadala.

Televisheni nazo zina hoja, na si ndogo. Mkataba ulioanza 2025 ni wa dola bilioni 7.7 kwa miaka saba, na fedha hizo ndizo zinazoendesha timu na viwanja. Saa saba mchana Florida ni saa nne asubuhi California, wakati wengine wako kanisani au bado kitandani. Tena hali mbaya ya hewa imewahi kuwa neema. Mwaka 1979 theluji iliwafungia Wamarekani wengi wa mashariki majumbani, wakaiona Daytona 500 mubashara kwenye CBS, pamoja na ngumi za Cale Yarborough na ndugu wawili Allison mwishoni. Mwaka 2012 mbio ziliahirishwa hadi Jumatatu usiku, Juan Pablo Montoya akaligonga gari la kukausha lami, lenye injini ya ndege, mafuta ya ndege yakawaka, na waliokuwa hawajui NASCAR ni nini wakakodoa macho.

Lakini bahati haipangiwi ratiba, na mtu wa sebuleni si mtu wa jukwaani. Wa sebuleni akichoka anabadilisha chaneli. Wa jukwaani ameshalipia mafuta, hoteli na tiketi, na Jumatatu kazini wanamsubiri.

Ndiyo maana uamuzi wa Charlotte haunikai vizuri. Kanuni ilitimizwa, kwani nusu ya mbio ilikuwa imepita, na kuendelea kungewapeleka watu karibu na alfajiri. Ila kesho yake ilikuwa sikukuu ya kitaifa, Memorial Day, na mwaka mmoja tu nyuma mbio hizohizo zilihamishiwa siku hiyo na Ryan Blaney akashinda. Februari 2025, utabiri ulipoonyesha mvua, Daytona waliivuta saa ya kuanza kutoka saa nane na nusu hadi saa saba na nusu. Mvua ikanyesha vilevile, wakasimama zaidi ya saa tatu, lakini mizunguko yote 200 ilikwisha jioni ileile.