Sikutoka uchi, nilitoka na pazia

Kabla hamjaendelea kunitumia vile vikatuni vya kulia kwa kicheko, niseme moja: sikutoka uchi. Nilitoka na pazia. Aliyewarushia kwenye grupu la mafundi ile sauti ya kwamba nilitoka bafuni uchi mbele za watu ni msaidizi wangu, kijana ninayekula naye bukari, yaani ugali, sahani moja, na ameruka sehemu muhimu kuliko zote. Nitaifikia. Sasa hivi amekaa pale kwenye ndoo, anajifanya anasafisha spana. Ananisikia vizuri sana.

Mwezi wa saba wa Lubumbashi mnaujua. Nyie wa Dar na Mombasa mnaodhani Kongo nzima ni jasho, njooni huku Julai saa kumi na moja alfajiri mguse bomba la uani. Tuko juu, zaidi ya mita elfu moja na mia mbili kutoka baharini, na kuna asubuhi kipimo kinashuka chini ya nyuzi 10. Maji yaliyolala usiku kucha kwenye tangi la nje, ukijimwagia, ni kama kutukanwa na mtu usiyemjua.

Basi kuna Mama mmoja, mtaa wa Bel-Air, alikuwa anapokea mahari ya binti yake. Wakwe wanatoka Likasi. Mama akaapa kwamba siku hiyo hakuna mtu wa nyumba yake atakayeoga maji ya sufuria yanayonuka moshi wa makala (mkaa). Anataka shofoo ya ukutani, mashine ya kuchemsha maji, ile isiyo na tangi, unafungua bomba na maji yanakuja ya moto hapo hapo. Ya umeme nilimkatalia mwenyewe. Bafu la umeme la wati 5,500 kwenye volti 220 linavuta ampea 25, na waya uliokuwa ukutani mwake ulikuwa wa kuwashia taa na kuchaji simu. Halafu umeme wenyewe, tusisemane. Tukaenda kwa gesi.

Mashine ya gesi ni rahisi lakini ina maringo. Haiweki akiba ya maji. Maji yakipita ndani kwa nguvu ya kutosha yanasukuma kiwambo cha mpira, kiwambo kinasukuma kipini, kipini kinaamsha cheche na gesi inafunguka: tak-tak-tak, puu! Moto. Maji yakipita kwa unyonge, haijisumbui hata kidogo. Ndiyo maana kazi kubwa haikuwa ukutani, ilikuwa juu. Kila mita 10 za kimo zinakupa bari 1 ya msukumo, na hata mashine za maji dhaifu zinataka 0.2 au 0.3. Tangi la Mama lilikuwa limekaa juu ya matofali, linamtazama mtu usoni. Tukachomelea mnara mpya, likapanda mita tatu na kitu juu ya bafu. Jirani akauliza kama tunafungua kituo cha redio.

Cheche nazo hazitoki SNEL, shirika letu la umeme. Zinatoka kwenye pile (betri) mbili nene, zile za tochi ya mlinzi, zinazokaa kwenye kijisanduku chini ya mashine. Pile hizo hizo ndizo zinazoshikilia vali ya gesi ikae wazi muda wote moto unapowaka. Ukizitoa, vali inajifunga na moto unakufa papo hapo. Wazo zuri sana, limeokoa watu. Wekeni pile akilini.

Mama alitaka mashine ikae ndani ya bafu, juu ya kioo, wakwe waione. Hapo niligoma, na ningegoma tena leo. Gesi ikiungua ndani ya chumba kidogo kilichofungwa inatoa monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu, na kila baridi ikija tunasikia ya watu waliolala na mbabula, jiko la makaa, ndani, dirisha limezibwa, wasiamke. Shofoo yangu ikakaa nje, kwenye ukuta wa nyuma ya bafu, chini ya kipaa, bomba la moshi likielekea hewani. Pazuri, pakavu, jua la asubuhi linapiga. Kumbe ndipo hasa Muzee wa nyumba huweka kiti chake na redio yake. Kijisanduku cha pile kikawa mkabala na sikio lake.

Hapa niingize kidogo mtoto wa baba mdogo aliyeko Montréal, kwa sababu naye anachangia kicheko huko kwenye grupu. Kazi yake ni hii hii, na wiki nzima alikuwa ananitumia ushauri. Kwao Februari maji yanaingia nyumbani yakiwa na nyuzi chache tu juu ya kuganda, kwa hiyo mashine inayapandisha nyuzi 35, 40 kabla hujaweka kichwa chini yake. Yangu ya lita 6 kwa dakika ina kilowati kama 12. Za kwao za nyumba nzima zinafika kilowati 58. Ndani zina vihita vidogo vya umeme vya kuzuia maji yasigande tumboni, na umeme ukikatika wakati wa baridi kali fundi mwema anaimwaga maji yote kabla barafu haijapasua shaba. Kila mwaka wanaizungushia siki nyeupe kwa pampu ndogo, kama saa nzima, kung'oa magamba ya chokaa. Hilo la siki nimelichukua, maana birika za Lubumbashi mnaziona zilivyo. Lakini ujumbe wake wa mwisho ulisema: "Kaka, hakikisha theluji haizibi bomba la moshi." Nikamjibu nimeshamwambia mlinzi aiangalie.

Sasa asubuhi yenyewe.

Wakwe walitarajiwa saa nne. Saa moja na nusu nikawasha, moto wa buluu, maji yanatoa mvuke. Nikamwita Mama aone. Akaja na kitambaa kichwani, akanyoosha kidole kimoja, akakirudisha.

"Fundi, ile gesi haiwezi kupasuka?"

"Hapana, Mama."

"Mwana wangu hataingia humo kama sijaona mutu ameingia na ametoka muzima. Weye njo utaoga wa kwanza."

"Mama, mimi ni fundi..."

"Njo maana."

Semeni mtakalo, lakini mtu aliyechomelea chuma kwenye baridi na mwenye simenti mpaka kwenye kope hapewi ofa ya maji moto akabishana sana. Nguo nikazitundika nje kwenye kamba, maana bafu halikuwa na msumari hata mmoja. Taulo mpya zilikuwa za bibi harusi, Mama alizihesabu mbele yangu akaondoka nazo. Nikaingia na sabuni.

Ndugu zangu. Maji yale! Niliimba. Msaidizi wangu anasema niliimba vibaya, sawa, lakini niliimba. Nikajipaka shampuu ya bibi harusi kichwani (kidogo tu, ile ya harufu ya nazi), nikafumba macho, nikawa najiona mkwe wa mtu.

Kwanza yakawa vuguvugu. Sikushtuka, nikadhani mwili umezoea. Halafu yakawa ya kawaida. Hapo akili ya fundi ikaamka: kwenye mashine hizi ukitaka joto zaidi unapunguza maji, yapite polepole yapikike. Macho bado yamefumba, povu limefika masikioni, nikapapasa bomba nikapunguza. Yakaja ya baridi. Nikapunguza tena. Baridi ikachonga. Nikasema basi labda msukumo umekuwa mdogo, mashine imelala, niifungulie yote iamke tak-tak-tak. Nikafungua mpaka mwisho.

Mnakumbuka ule mnara? Mita tatu na kitu. Kazi ya mikono yangu. Ule msukumo wote niliouchomelea kwa siku kadhaa ulishuka juu ya utosi wangu na maji ya usiku wa Julai, na tak-tak-tak haikusikika. Pumzi ikaingia ikakataa kutoka. Mgongo ukajikunja wenyewe. Nilijaribu kusogea pembeni, na pembeni hakukuwepo, bafu ni mita moja kwa mita moja. Nikafungua jicho moja nione bomba liko wapi, shampuu ya nazi ikaingia humo yote.

Hapo ndipo nilipomwita msaidizi wangu. Nilichotaka kusema ni: "Angalia kama gesi imeisha." Lakini meno yalikuwa yanagongana, sentensi yote ikabaki neno moja, nikalitoa kwa nguvu zangu zote:

"GESI! GESIIII!"

Uani kukawa kimya nusu sekunde. Halafu nikasikia sufuria inaanguka, mtoto analia, na sauti ya Mama: "Inapasuka! Mukimbie! Inapasukaaa!"

Mimi ndiye niliyefunga mashine ile. Niliipima kila kiungo kwa povu la sabuni, hakukuwa na kiputo kimoja. Lakini mtu akikuambia inapasuka kwa sauti ile, nawe umefumba macho, hufikirii viungo. Unafikiria mama yako. Nilishika kitu cha kwanza kilichogusa mkono, nikavuta, kikaja na pete zake zote za plastiki, nikajizungusha, nikapiga mlango teke, nikatoka mbio kuelekea lango la barabarani.

Pazia lenyewe lina picha za samaki. Linapitisha mwanga. Zaidi ya hapo sisemi.

Lango lilikuwa limeshafunguliwa. Wale wa Likasi, kilomita kama 120, walikuwa wameondoka usiku wakihofia malori ya madini barabarani, wakafika saa mbili. Wamejipanga wawili wawili, kina mama na vitenge vya sare, mmoja ana kreti ya soda kichwani, mbele yao msemaji wa ukoo na koti la suti na fimbo. Nikasimama hatua mbili mbele yake. Povu linashuka polepole kutoka utosini, linafika puani, linadondoka kwenye kiatu chake. Mvuke unanitoka mabegani. Jicho moja limefumba, jingine jekundu. Nyuma yangu nyumba nzima inakimbia kuja upande wetu ikipiga kelele.

Nilisema, "Jambo yenu."

Sasa mnajua desturi. Wakwe hawaingii bure siku ya mahari. Langoni lazima litokee jambo: bibi amelala njiani haamki, kamba imefungwa, ufunguo umepotea, mpaka noti itoke. Msemaji yule alinitazama kuanzia povu mpaka vidole vya miguu, akageukia watu wake, akacheka kicheko cha mtu mzima mwenye uzoefu.

"Eee! Ba shemeji ba Lubumbashi banajua kutuchezea! Kizuizi ya kwanza njo hii!"

Kina mama wakapiga vigelegele. Akatoa noti ya franka elfu kumi, akanipa. Sikuwa na mkono, mikono yote miwili ilikuwa kwenye pazia, na nikiachia mmoja mahari inaisha pale pale. Akangoja. Mimi nikatikisa kichwa. Akadhani nakataa, ni kidogo. Akatoa nyingine. Nikatikisa kichwa zaidi, povu likaruka. Vigelegele vikaongezeka. Mwishowe mama mmoja mnene akapita mbele, akaikunja ile ya kwanza vizuri, akaipenyeza kwenye pete ya pazia hapa kifuani, akanipapasa shavu: "Basi mwana, inatosha, baridi itakuua."

Yaliyobaki ni machache. Nilirudi kinyumenyume mpaka kwenye kamba ya nguo. Hakuna kilichopasuka. Nilimkuta Muzee ametulia kwenye kiti chake chini ya shofoo, hajasogea hata inchi, redio iko sikioni, habari za Radio Okapi zinasikika safi kabisa. Safi kwa sababu ina pile mpya. Pile mbili nene.

"Zilikuwa zinakaa bule mu ile kichuma," akaniambia. "Na muto hauna na kazi ya pile. Ni gesi."

Na sasa ile sehemu iliyorukwa kwenye sauti mliyotumiwa. Muzee vidole vyake vina baridi yabisi. Kile kijisanduku kina kifuniko kigumu, hata mimi nakifungua kwa bisibisi. Nani alimfungulia? Nani alimwambia "Tumia, papa, huyu bado anaimba"? Muulizeni aliyekaa kwenye ndoo. Spana ile ameshaisafisha vya kutosha.

Nilirudisha pile, tak-tak-tak, bibi harusi akaoga, mahari ikapokelewa, video ipo kwa mtoto wa dada yake na msiniombe. Jioni Mama akanihesabia malipo. Akakata bei ya pazia. Akakata na shampuu, alikuwa ameipima kwa macho. Halafu akakata elfu kumi.

"Mama, hiyo ya nini?"

"Ile ba Likasi balikupa langoni. Ni ya ukoo. Weye ulikuwa kizuizi yetu."

Muzee naye ananidai pile mbili.