Dubu hapigi hodi

Jamani mi nimechoka. Nimechoka na sijui nikashtaki wapi, maana kila ninayemwambia anacheka kwanza, afu anauliza "ulimpiga picha?" Nimepoteza pipa la taka, nimepoteza siti ya gari, nimepoteza ndala mguu wa kushoto, mtu anataka picha.

Iko hivi. Nakaa Asheville, North Carolina, mji umezungukwa na milima ya Blue Ridge na misitu hadi unajiuliza hawa watu walikosa kiwanja sehemu ya wazi au vipi. Nafanya kazi usiku jikoni hotelini, naosha masufuria utadhani yamepikia harusi ya mkoa mzima, narudi nyumbani saa 11 alfajiri nikiwa sijielewi. Na saa 11 alfajiri ndo muda mama mwenye nyumba anapita kukagua. Simsemi yule ninayemlipa kodi, yule hata bomba lipasuke humuoni. Namsema dubu.

Mweusi tii, jike, ana watoto watatu wamejipanga nyuma yake kama chekechea. Majirani wamempa jina zuri tu la kimalkia, mi namwita mama mwenye nyumba kwa sababu anaingia muda anaotaka, anakagua kila kona, na akiondoka hasara naibeba mimi. Mi mtu wa Tanga, Ngamiani, kwetu hata ukija kuomba chumvi unapiga hodi mara tatu, usipoitikiwa unarudi na kibakuli chako. Na tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Huyu bibie angekuwa wa hivyo wala nisingesema neno, lakini yeye anakuja leo, anakuja kesho, anakuja Jumapili na sikukuu.

Mara ya kwanza ilikuwa siku ya taka. Gari la taka linapita asubuhi na mi asubuhi nakuwa nimelala kama gogo, so nikatoa pipa usiku kabla ya kwenda kazini, ndani kuna makoko ya pilau, mifupa ya kuku, na pampasi za mtoto. Narudi alfajiri nakuta shughuli. Pilau limemwagwa njia nzima, na yeye kakaa kitako, miguu kanyoosha mbele kama bibi harusi anapakwa hina, kashika kopo la mtindi kwa mikono miwili analamba ndani. Akaniangalia. Yaani aliniangalia kama vile mimi ndo nimekuja kwenye shughuli bila kadi.

Nilikimbia. Sisemi uongo, nilikimbia na ndala moja ikabaki pale pale hadi leo.

Sasa kumbe kukimbia ni kosa. Mzee jirani yangu, wa hapa hapa milimani, kanieleza kesho yake huku anakunywa kahawa taratibu kama anaelezea hali ya hewa. Dubu mweusi anakimbia karibu kilomita 50 kwa saa. Usain Bolt siku ya rekodi yake kasi yake ya juu kabisa ilifika kama 44, na hapo alikuwa na raba, mi nilikuwa na ndala na mgongo wa kuosha masufuria. Nikamwambia basi siku nyingine napanda mti. Akacheka. Dubu mweusi mti ndo kitanda cha watoto wake, akishtuka kitu cha kwanza anawapandisha juu, anaparamia kuliko mkwezi wa Pangani, so ukipanda na wewe utakuwa umemfuata kwake.

Kinachotakiwa, unasimama. Unainua mikono juu uonekane mkubwa, unaongea naye kwa sauti ya kiume lakini isiyo ya ugomvi, unarudi nyuma polepole, unamwachia njia ya kuondokea na humzuii na watoto wake. Unaongea naye nini ndo hakuna aliyenifundisha. Na akikushambulia kweli kweli, jambo ambalo wanasema ni nadra sana, usijifanye umekufa, pigana, mpige usoni na chochote ulicho nacho. Ila hapo hapo wanakwambia kama ni dubu wa kahawia, yule mkubwa wa huko Alaska, ndo ulale kifudifudi ukae kimya. Sawa nimeelewa, mweusi pigana, kahawia lala. Afu binti yangu katoka shule ananiambia baba, kuna dubu weusi ambao rangi yao ni kahawia, huko magharibi wapo hadi wa rangi ya mdalasini. Sasa mtu unafanyaje? Unamuomba kitambulisho? Bahati yetu huku wote ni weusi, tunajua tupo kwenye kundi la kupigana. Mimi kupigana. Mimi ambaye Ngamiani nilipokonywa andazi na kunguru na nikaenda kusema kwa mama.

Na hapo ndo wanaponimaliza hawa watu. Kazini wakisikia namuogopa dubu wanashangaa, "lakini wewe umetoka Afrika, umekua na simba!" Ndugu yangu, simba nimemuona kwenye noti ya elfu mbili. Na hata hiyo noti sikukaa nayo muda mrefu. Serengeti iko upande wa pili wa nchi, na kiingilio chake kinataka hela ambayo wenye nayo ndo wanakuja na ndege kutoka huku. Afrika nzima leo haina dubu wa porini hata mmoja, wa mwisho walikuwa milima ya Atlas huko kaskazini na waliisha karne ya 19. Kwetu dubu ni wa kwenye katuni. Mdoli wa kidubu wenyewe asili yake ni hapa kwao, rais wao Roosevelt mwaka 1902 alikwenda kuwinda Mississippi akaletewa dubu amefungwa kwenye mti akakataa kumpiga risasi, watu wakashona midoli. Mwanangu analala na mmoja kitandani, mwingine yuko nje anakula pampasi zake.

Afu hawa dubu wana hadhi bana. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha North Carolina State na watu wa wanyamapori wa jimbo walianza kuwafanyia utafiti hapa mjini, wakawa wanawalaza kwa dawa, wanawapima uzito, wanawavalisha mkanda shingoni wa kuonyesha wanapita wapi. Mi kupimwa uzito tu naomba miadi na naletewa bili. Na moja ya waliyoyagundua ni kwamba majike wa mwaka mmoja wanaokaa mjini wanakaribia uzito mara mbili ya wenzao wa msituni. Wala sihitaji profesa hapo. Mwenzao wa msituni anahangaika na mbegu za mialoni na matunda pori, wa mjini anakula pilau langu. Na vuli ikifika ndo balaa, mwili unajiandaa kwa baridi, dubu anaweza kula hadi kalori 20,000 kwa siku, halafu mi daktari ananikataza chapati ya pili.

Watu nao kila mtu na dubu wake. Mama wa nyumba ya kijani anatundika kile kidude cha mbegu za alizeti cha kulishia ndege, mbegu zina mafuta balaa, dubu anakuja anakishusha chote, yeye anasema "maskini ana njaa" na kesho anatundika kipya, ameambiwa ashushe hasikii, na akitoka kwake bibie anakuja kwangu kushushia. Wale watalii wa nyumba ya kupangisha wanatoka na simu wanamsogelea na watoto wake watatu wapo pale, wanataka waonekane nao kwenye picha, mi nafunga mapazia maana sitaki kuwa shahidi. Mbwa wa jirani, mkubwa kama ndama, siku zote ananibwekea mimi na begi langu, siku dubu kapita uani kajificha nyuma ya mashine ya kufulia.

Na mama watoto yeye ana lake. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko, saa 8 usiku nasikia honi ya gari langu inapiga, inanyamaza, inapiga tena. Mwizi! Nikachukua mwiko wa ugali nikatoka. Gari linatikisika, vioo vina ukungu, nikajisemea hawa vijana hawana adabu kabisa, gari la watu. Kumulika tochi, uso wa dubu. Sikujua kama wanafungua milango, kumbe vile vitasa vya kuvuta anatia kucha anavuta tu, akishaingia mlango unajifunga nyuma yake na kutoka ndo hawezi, anachanganyikiwa anachana kila kitu. Mke wangu dirishani anasoma Ayatul Kursi kwa sauti, watoto wanalia, watalii wanarekodi, na mzee jirani akaja na bukta yake na kamba, kafunga kwenye kitasa, karudi nyuma hadi nyuma ya gari lake, akavuta. Dubu akatoka kama risasi akapotelea msituni hata hakugeuka. Siti ya mbele yote sponji. Dashibodi imebaki nyaya. Harufu sitaki kuielezea.

Na swali la kwanza nililoulizwa na kila mtu, kila mtu, kuanzia jirani hadi jamaa wa bima: "Kulikuwa na chakula ndani?"

Kulikuwa na sambusa. Mbili. Za tangu juzi, kwenye mfuko, chini ya siti. Pua ya dubu inamzidi mbwa kwa mbali, basi ikawa kosa langu. Sikufunga gari, kosa langu. Pipa nilitoa usiku, kosa langu. Jiko la kuchomea mishkaki sikulisugua, kosa langu. Nimepigiwa kesi zote na dubu hata hajaitwa kutoa maelezo.

Nikampigia mama Tanga nimpe habari. Akaniuliza "huyo mnyama ana miguu mingapi?" Minne, ila akitaka anasimama kwa miwili. Akakaa kimya. Akasema baba huyo si mnyama, tafuteni mtu asome hapo nyumbani. Nikamwambia mama, wakati wa baridi analala miezi, hali, hanywi, haendi chooni, na Januari anazaa humo humo mtoto hata nusu kilo hafiki. Mama akasema ndo nini nimekwambia mimi. Sikuthubutu kumwambia kwamba hapa mjini wengine wanalala hiyo miezi chini ya sakafu za nyumba za watu. Bure. Mi kodi tarehe moja.

Sasa hivi nimejirekebisha. Pipa natumia lenye kufuli, gari nafunga, na nikirudi alfajiri nafanya nilivyofundishwa, nashuka nikiongea kwa sauti ili asishtuke. Nilihangaika niseme nini, mwishowe likaja lenyewe. Nasimama kwenye gari langu, nyumbani kwangu, naita "Hodiii! Hodi jamani! Hodi wenyewe!" afu nasogea hatua mbili naita tena. Mtu mzima, kwenye nyumba anayolipia kodi. Akiwepo naona vichaka vinatikisika, anaondoka na chekechea yake.

Mzee jirani kanisikia, akavutiwa. Akaniuliza hilo neno maana yake nini, nikamweleza, kwetu mgeni anasema hodi. Akatikisa kichwa, akauliza na mwenye nyumba anajibu nini. Na mi kwa ujinga wa usingizi nikamwambia, anajibu karibu.

Jana alfajiri nashuka kwenye gari nasikia huko kibarazani kwake, gizani, mzee wa watu kainua mikono juu kama alivyonifundisha, dubu yuko kwenye ngazi zangu, na yeye anampigia kelele kwa nguvu zake zote: "KARIBU! KARIBU! KARIBU!"