Vijidudu vya udongo: upepo huleta, nani huchagua?

Kwenye mawe makubwa ya Capri Point hapa Mwanza kuna madoa ya kijivu na kijani, yameganda kama rangi iliyobabuka ukutani. Yakwaruze kwa ukucha, utatoka unga. Hao ni viumbe hai, kuvu na mwani walioshikamana, na hakuna aliyewapanda. Walifikaje, na kwa nini wao na si wengine?

Swali hilo linachunguzwa sana Antaktika, bara la barafu kusini kabisa mwa dunia, kwenye Mabonde Makavu ya McMurdo, ambako hakuna mti wala jani la kuvuruga hesabu. Mpelelezi Mwingereza Robert Scott alipofika huko mwaka 1903 alisema ni bonde la wafu. Kumbe bakteria wapo, kwenye changarawe na hata ndani ya mawe.

Mwaka 1934 mwanasayansi Mholanzi Baas Becking aliandika kwamba kila kitu kipo kila mahali, ila mazingira huchagua. Ushahidi unaonivuta zaidi upande huo ulitolewa mwaka 2012. Watafiti walichukua mzoga wa sili, mnyama wa baharini, uliokaushwa na baridi bondeni humo, wakauhamishia sehemu nyingine. Chini yake joto lilitulia, unyevu ukapanda, mionzi ya jua ikapungua. Haikufika miaka 3 vijidudu vya pale vikawa vimebadilika: hewa ya ukaa inayotoka ardhini, yaani pumzi yao, iliongezeka mara 7, huku aina zao zikipungua. Na hapo ni mahali palipodhaniwa kwamba mabadiliko huchukua maelfu ya miaka!

Lakini udongo hauwezi kumchagua asiyefika. Barafu inaporudi nyuma na kuacha ardhi tupu, upepo na maji huleta wageni kidogo kidogo, na zamu ya kufika ina uzito wake. Sayanobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, wakitangulia, hushika naitrojeni ya hewani na kugandisha chembe za mchanga, kisha wengine hupata pa kuishi. Anayekuja kabla yao huweza kukosa chakula.

Kwa maoni yangu mazingira ndiyo yenye mkono mzito, na Wasukuma wanalijua hilo kwa upande wa udongo: luseni, ule wa kichanga, uko juu mlimani, mbuga nyeusi iko bondeni, na kila mmoja una mazao yake. Ndiyo maana napata shaka mkulima wa luseni iliyochoka anapouziwa dukani pakiti ya bakteria wa kurutubisha udongo kabla ya kuweka samadi na matandazo. Atawamwaga kwenye mchanga unaochoma, wafie humo.

Soya ndiyo inayonizuia kusema pakiti hazina kazi. Zao hilo asili yake ni Asia, na mashamba mengi ya Afrika hayana vya kutosha bakteria wake, wale wanaokaa kwenye vinundu vya mizizi na kuishikia naitrojeni. Samadi hata iwe tela zima haitawaleta. Hapo pakiti ina haki yake.

Kunde ni habari nyingine, bakteria wake tunao. Ng'oa mche mmoja unapokaribia kutoa maua, suuza mizizi, pasua vinundu kwa kisu. Ukikuta ndani ni vyekundu kama nyama, wanafanya kazi. Weka hela yako mfukoni. Ukikuta vyeupe au vya kijani, angalia kwanza kilichoharibika kwenye udongo.