Oveni Si Kabati la Sufuria

Nyumba nyingi ninazoingia hapa Tanga mjini, kuanzia Chumbageni mpaka Makorora, zina lile jiko refu la kusimama, lenye plate nne juu na oveni chini, na karibu katika zote oveni hiyo imepewa kazi moja tu, nayo ni kuhifadhi sufuria. Mwaka huisha mlango wake haujafunguliwa kwa ajili ya moto, isipokuwa siku mbili tatu za kuamkia Idi, pale keki inapotakiwa. Simcheki mtu ninaposema haya, kwa sababu ya kwangu ilikuwa hivyo hivyo kwa miaka minne, na siku nilipoiwasha kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kuku wa chakula cha jioni, nilitoa sufuria zote nikasahau vifuniko viwili vya plastiki vilivyokuwa vimejificha nyuma kabisa, chini ya wavu. Harufu ilimfikia jirani kabla haijanifikia mimi niliyekuwa barazani. Nilikaa nusu ya siku iliyofuata nikikwangua plastiki kwa kisu butu, ikivutika kama ulimbo wa kunasia ndege.

Baada ya mkasa ule ningeweza kabisa kuzirudisha sufuria mahali pake na kusema kwamba oveni ni mambo ya mahoteli. Sikuzirudisha, na kwa zaidi ya mwaka sasa chakula cha jioni cha nyumba yetu, siku nne katika saba, hutoka humo. Maoni yangu ni kwamba tumeiweka oveni katika fungu lisilo lake. Tumeihesabu kuwa chombo cha keki na biskuti, yaani cha sherehe na cha mambo ya Kizungu, ilhali kukausha wali, kupaka samaki na kuivisha mkate wa kumimina, kazi ambazo jikoni mwa pwani hufanyika siku zote, ndizo hasa ambazo oveni inaziweza kuliko jiko lingine lolote lililomo ndani.

Bibi yangu alikuwa akikaa Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba, na jikoni mwake hamkuwa na chombo hata kimoja cha umeme. Wali wa nazi ulipokaribia kukauka, aliyapunguza makaa ya chini mpaka yakabaki machache, akaifunika sufuria kwa sinia kuukuu lililopinda ukingo, kisha kwa koleo akayahamishia makaa juu ya sinia, moja moja, akianzia pembeni na kuja kati. Makaa ya vifuu aliyapenda zaidi kwa hatua hii. Katikati ya sinia aliweka machache kuliko pembeni, na nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mjukuu wangu, kati kunapata moto wa pande zote, pembeni ndiko kunakopigwa na upepo." Kazi hiyo ndiyo tunayoiita kupalia, na kila aliyekulia pwani ameiona, kwenye wali au kwenye mkate wa kumimina, ambao bila ya moto wa juu hubaki mweupe na mbichi usoni hata kama chini umeshaungua.

Sasa itazame oveni ya umeme. Ina koili moja juu na nyingine chini, na mlango wa kuuzuia upepo ule aliokuwa akiupigia hesabu bibi. Hakuna kingine cha ajabu ndani yake. Hata lugha yetu haikuazima fikra hiyo majuzi: kuoka ni neno la Kibantu lenye ndugu zake mpaka Kizulu, tanuri limo katika Kiswahili tangu zamani, na mkate wa mofa umekuwa ukiokwa katika matanuri ya pwani hii kabla swichi ya umeme haijajulikana. Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba chakula cha oveni si chakula chetu, huwa namuuliza wali wa kupaliwa makaa yeye anauita nini.

Nilianza na wali, wala sikuanza na kitabu cha mapishi ya kigeni. Unauchemsha juu ya plate kama kawaida, na tui likishazama kiasi cha vishimo vidogo kuonekana juu ya mchele, unaufunika na kuuingiza katika oveni ambayo tayari ina moto wa nyuzi 160, kwa dakika 20. Sufuria zetu za alumini zisizo na mikono zinafaa mno kwa kazi hii, kana kwamba mfuaji alijua, kwa sababu hazina mpini wa plastiki wa kuyeyuka, na alumini yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660 ilhali oveni ya nyumbani huishia karibu na 250. Punje hutoka zimeachana, na wa juu na wa chini huwa umeiva sawasawa. Ukoko ndio hupungua, jambo ambalo watoto wangu walilichukulia kama dhuluma, basi siku wakidai haki yao naurudisha wali juu ya plate kwa dakika mbili tatu kabla ya kupakua.

Tahadhari moja ni kwamba chakula chenye ndimu, ukwaju au nyanya nyingi kisikae muda mrefu katika alumini, kwa kuwa uchachu huila na ladha ya madini huingia katika mchuzi. Hapo natumia bakuli la kioo la kuokea au chungu. Chungu nacho kina adabu yake: kiingie oveni ikiwa baridi na kipate moto pamoja nayo, maana ukikitoa mezani na kukitumbukiza katika nyuzi 200 kitapasuka, na mchuzi utakuwa umeupikia sakafu ya oveni.

Samaki ndipo nilipobishana na nafsi yangu kwa muda mrefu zaidi. Mtu wa Tanga hatanii na samaki wa kupaka, na mimi mwenyewe, nikitoka soko la Deep Sea asubuhi na changu wangu katika kikapu, nilikuwa nikiamini kwamba asiyepita juu ya makaa amepotea bure. Majaribio yangu matatu ya mwanzo yalinithibitishia hivyo: samaki alitoka ameiva lakini mweupe, amelegea, amelala katika maji yake kama mgonjwa. Kosa halikuwa la oveni. Nilikuwa nikimpaka tui na viungo tangu mwanzo na kumwingiza akiwa amelowa, na maji yakiwapo juu ya nyama, joto la ngozi halivuki sana nyuzi 100 mpaka maji hayo yaishe, hata kama oveni imewekwa 220. Ile rangi ya kahawia, na harufu inayomfanya mpita njia ageuze shingo, hutokana na protini na sukari kuungana kwa kasi joto linapofika kama nyuzi 140 na kuzidi, jambo ambalo mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Bibi hakumjua Maillard, lakini alimwanika samaki wake kwenye ungo kabla ya kumpeleka motoni.

Siku hizi changu wa nusu kilo hivi namchanja mbavuni, namsugua chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, kisha baada ya nusu saa namfuta kwa kitambaa mpaka akauke kabisa. Anaingia juu ya wavu, trei ikiwa chini ya kukinga matone, kwenye nyuzi 220. Wakati huo tui zito, la mkamuo wa kwanza, liko juu ya plate pamoja na pilipili mbuzi na ukwaju kidogo, nalikoroga bila ya kuacha ili lisikatike, mpaka lishike nyuma ya kijiko. Dakika ya 15 namtoa na kumpaka tabaka la kwanza, jembamba, ambalo kazi yake ni kukauka na kushika tu. Dakika ya 20 tabaka la pili, nene, na hapo nazima koili ya chini na kuacha ya juu peke yake ikiwa imewaka mpaka inang'aa nyekundu. Hapo usiende kuitika hodi. Mafuta ya nazi yanaanza kutoa vipovu vidogo, vipovu vinageuka madoa ya rangi ya dhahabu, madoa yanaungana, na kati ya dhahabu na mkaa hakuna hata dakika mbili. Moshi wa makaa haupo, nakiri, na anayeutaka moshi hataupata kwa ujanja wowote wa umeme. Lakini nyama ya ndani hubaki na maji yake kwa namna ambayo makaa yangu hayakuwahi kunipa, na huo ni ushindi ninaoukubali bila ya kinyongo.

Kila ninapoyasema haya, swali la kwanza ninaloulizwa huwa ni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Ni swali la haki, nami nililijibu kwa kusoma mita kabla na baada. Oveni yangu ni ya wati 2,000, kwa hiyo ingewaka mfululizo kwa saa nzima ingekula uniti mbili, lakini haiwaki mfululizo, kwa sababu joto likishafika pale ulipoliweka koili hujizima, na likishuka hujiwasha tena. Chakula cha dakika 50, pamoja na zile za kuipasha moto, hunilia kama uniti moja na robo. Kwa bei ya kawaida ya majumbani ya kama shilingi 356 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, hiyo ni chini ya shilingi 450. Aliye katika kundi la matumizi madogo, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa kama shilingi 122 kwa uniti, na kwake hesabu hubadilika sura: chakula chenyewe kitakuwa rahisi mno, lakini akioka kila siku atatumia kama uniti 37 kwa mwezi kwa oveni peke yake, yaani nusu ya kiwango chake, na friji bado inamdai. Huyo nisingemshauri aoke kila siku. Namshauri aoke siku mbili kwa wiki na aijaze oveni kweli kweli, samaki kwenye wavu wa juu, wali wa chini, na viazi vitamu au ndizi mzuzu zenye maganda yake pembeni, kwa kuwa koili hailipishi zaidi kwa idadi ya vyombo.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ninaunga mkono, ila naona mazungumzo yake mitaani yanaishia kwenye mtungi wa gesi, kana kwamba kupika maana yake ni sufuria juu ya moto na basi. Walio na oveni tayari ndani ya nyumba hawahitaji kununua chochote ili kupunguza mkaa, wanahitaji kuhamisha sufuria.

Yapo mambo ambayo oveni isiguswe nayo. Ugali hauna cha kufanya humo. Chapati hutoka ngumu. Sambusa za oveni nimezijaribu Ramadhani moja, nikaambiwa na watu wazima wenye heshima zao kwamba ni biskuti za nyama, na sikuwa na la kujibu. Halafu kuna kaskazi: kuanzia Desemba mpaka Machi, jiko dogo lenye dirisha moja likiwashwa oveni saa nane mchana hugeuka kuwa tanuri la pili, na mimi mwenyewe miezi hiyo huoka asubuhi mapema au nisioke kabisa.

Faida ninayoithamini kuliko zote haimo katika chakula. Wifi yangu alikuja siku moja baada ya alasiri akanikuta nimekaa barazani nasahihisha madaftari, akauliza, "Leo hampiki, wifi?" Nikamwambia kuku wa nazi yumo ndani na zimebaki dakika 25. Akaingia jikoni kuhakikisha, akachungulia kwenye kioo cha mlango, akatoka akisema, "Mchuzi unaokwa tangu lini?" Hakukubali, na mpaka leo hajakubali, lakini alikaa nami barazani mpaka adhana ya magharibi, tukazungumza, jambo ambalo miaka yote ya makaa hatukuwahi kulifanya saa ile, kwa kuwa kupalia kunataka mtu aliyeinama juu ya sinia, na mtu huyo daima alikuwa mmoja wetu. Mume wangu, ambaye sijawahi kumwona na koleo mkononi, sasa huingiza trei mwenyewe nikichelewa, kwa sababu kazi imebaki kuzungusha swichi na kutazama saa.

Malalamiko yake ni mamoja. Sufuria zilizohamishwa bado hazijapata makao, ziko katika beseni chini ya meza ya jikoni, na umeme ukikatika usiku hazikosi kumgonga ugoko.