Arianna Huffington na waandishi aliowaacha bila malipo

Februari 2011 kampuni ya intaneti ya AOL ilitangaza kuinunua Huffington Post kwa dola milioni 315. Mtandao huo wa habari ulikuwa haujatimiza hata miaka sita. Aprili mwaka huohuo Jonathan Tasini, mmoja wa waandishi waliokuwa wakiupa makala bure, alifungua kesi New York kwa niaba ya wenzake akidai dola milioni 105, yaani theluthi ya bei ya mauzo.

Arianna Huffington, mwanzilishi mwenza na sura ya mtandao huo, alizaliwa Athens mwaka 1950. Alihamia Uingereza akiwa binti mdogo, akasoma uchumi Cambridge na kuchaguliwa kuongoza chama cha midahalo cha chuo hicho, jambo zito kwa mwanamke wa kigeni wakati ule. Alifika Marekani 1980 akiwa tayari mwandishi wa vitabu mwenye jina. Wanaomsimulia kama mhamiaji aliyeanza na mikono mitupu wanaruka kipande hiki, na wanaruka pia ndoa yake ya 1986 na Michael Huffington, aliyetoka familia ya utajiri wa mafuta. Waliachana 1997, lakini jina lilibaki, na watu aliowafahamu walibaki.

Watu hao ndio waliokuwa mtaji wake mkubwa Mei 2005, alipozindua mtandao pamoja na Kenneth Lerer, Jonah Peretti na Andrew Breitbart. Aliweza kumwomba mwigizaji au mwanasiasa aandike bure, na akakubaliwa. Mtu mashuhuri hapotezi kitu hapo, kwa kuwa riziki yake iko kwingine. Lakini utaratibu uleule uliwapokea maelfu wasio na jina, wakaahidiwa kusomwa. Kijana yeyote anayeandikia mitandao ya Nairobi au Dar es Salaam ameshaisikia ahadi hiyo.

Utetezi wa Arianna una uzito, na sitaki kuupuuza. Jaji John Koeltl aliitupa kesi Machi 2012: waandishi walijua tangu mwanzo kwamba hakuna malipo, na waliendelea kuandika kwa hiari. Rufaa nayo ikagonga mwamba. Mtakwimu Nate Silver alikuwa amepiga hesabu akaona makala za wasiolipwa zilileta sehemu ndogo tu ya wasomaji. Na ni kweli wapo waliojulikana kupitia mlango ule, ambao magazeti makubwa yasingewafungulia.

Hata hivyo mimi nasimama na waandishi. Mwaka 2012 mtandao huo ulipata Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani, kwa mfululizo wa David Wood kuhusu askari wa Marekani waliojeruhiwa vibaya Iraq na Afghanistan. Wood alikuwa mwajiriwa, mwenye mshahara na muda wa kukaa na majeruhi na familia zao. Arianna alijua kabisa kazi nzuri inahitaji nini, na alipotaka kuipata aliilipia.

Mahakama iliangalia kama kulikuwa na makubaliano ya malipo. Sheria haikuwa na la kuuliza zaidi ya hapo, ila mwenye mali alikuwa nalo. Kumwandikia bure mtu anayehangaika kusimamisha jukwaa ni msaada. Jukwaa likishauzwa kwa mamia ya mamilioni, waliolijaza wana haki ya kukumbukwa hata kama hawakusaini chochote. Asilimia 5 tu ya bei ile ni zaidi ya dola milioni 15. Isingeziba pengo la kila mmoja, lakini ingekiri kwamba walifanya kazi.

Januari 2018 mtandao ulilifunga jukwaa hilo la waandishi wa bure nchini Marekani, kwa hoja kwamba majukwaa ya wazi yamejaa kelele na habari za uongo. Arianna alikuwa ameshaondoka tangu 2016 kuanzisha Thrive Global, kampuni inayofundisha waajiri kutowachosha wafanyakazi wao. Ni somo jema, na analitoa kwa uzoefu: mwaka 2007 alianguka kwa uchovu akavunjika mfupa wa shavu. Wale waliomwandikia usiku, baada ya kazi zao za mchana, walistahili kuhesabiwa miongoni mwa wafanyakazi hao.