Machaguo ya amri na bajeti iliyofutika

Mwaka 1978 Doug McIlroy wa Bell Labs, maabara ya Marekani ulikozaliwa mfumo wa kompyuta wa Unix, na wenzake waliandika kwamba kila programu ifanye kazi moja na kuifanya vizuri, na kwamba kazi mpya iundiwe programu mpya badala ya kurundikwa juu ya ile ya zamani. Tangu hapo, amri ikiongezewa chaguo, yaani alama kama -v inayobadilisha utendaji wake, husemwa kuwa imevimba. Lawama hiyo haikosi msingi. Mwaka 1983 Rob Pike alilalamika kwamba cat, amri ya kuunganisha mafaili, ilipewa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chaguo la -v la kudhihirisha herufi zisizoonekana, kazi ambayo programu nyingine ingeifanya kando, na kwa hilo naona alikuwa na haki.

Hata hivyo, hoja ya usahili huchukulia kwamba programu ndogo zikiungwa kwa bomba, alama ya | inayopeleka matokeo ya moja kwa nyingine, hakuna kinachopotea njiani. Tuseme folda ina faili liitwalo "bajeti", lenye hesabu za mwaka huu, pamoja na nakala iitwayo "bajeti ya zamani.bak", na mwenye folda anataka kufuta nakala zote kwa amri hii:

find . -name '*.bak' | xargs rm

Find, inayotafuta mafaili, hutoa jina zima la nakala; xargs, inayokabidhi majina kwa amri nyingine, hulikata kila penye nafasi; na rm, inayofuta, hupokea majina matatu: ./bajeti, ya, na zamani.bak. Mawili ya mwisho hayapo, kwa hiyo rm hulalamika. La kwanza lipo, nalo hufutwa. Hesabu za mwaka huu zimekwenda, nakala ya zamani imebaki, ilhali kila programu imetimiza kazi yake moja.

Dawa yake ni machaguo mawili, -print0 kwa find na -0 kwa xargs, yanayotenganisha majina kwa baiti ya sifuri, ambayo haiwezi kuwamo ndani ya jina la faili. Programu ya tatu isingeweza kuleta dawa hiyo kutoka nje, kwa kuwa jina la faili linaruhusiwa kubeba hata mstari mpya, na likishatoka find bila alama hiyo hakuna ajuaye kwa hakika linaishia wapi. Hata hivyo, POSIX, kiwango rasmi cha mifumo ya aina ya Unix, kiliyakubali machaguo hayo mwaka 2024 tu, miaka mingi baada ya watumiaji wa GNU, toleo huru la amri hizo, kuyazoea.

Kwa hiyo sioni maana ya kuhesabu machaguo. Curl, amri ya kuhamisha data mtandaoni, ina zaidi ya 250, na anayejifunza huchoka kweli kuyasoma. Lakini chaguo la --cacert, linaloiambia ni vyeti gani vya kuthibitisha seva viaminiwe, hufanya kazi ndani ya muunganisho wenyewe, mahali ambapo bomba halifiki.