Elfu mbili za mzee, na anayemtunza hapati kitu

Alhamisi alasiri na Jumapili ndizo siku zangu. Ukipita bustani za Torino siku hizo utatuona kwenye viti vya mbao, wanawake wa Romania, Ukraine, Peru, Ufilipino, na mimi Mgiriama wa Malindi, Kenya, kila mmoja na simu sikioni. Tunaitwa badante. Ni neno la Kitaliano la mtu anayemwangalia mzee: unamwogesha, unamlisha, unamgeuza kitandani, unampeleka kwa daktari, na usiku unalala chumba cha pili mlango ukiwa wazi ili usikie akiita. Wengi wetu pale bustanini huwa tunaongea na mama zetu. Na wengi wa mama zetu wanaangaliwa na mtu tunayemlipa sisi.

Nataka kuandika juu ya huyo mtu, na juu ya yule mwingine ambaye halipwi kabisa. Nyumbani likitajwa suala la wazee, haichukui dakika mtu atasema Wazungu huwatupa wazazi wao, sisi hatuwatupi. Miaka tisa nimefanya kazi hii, na maneno hayo siyakubali tena, si kwa upande wa huku wala kwa upande wa kwetu.

Italia imejaa wazee. Karibu mtu mmoja kati ya wanne ameshapita miaka 65. Mama ninayemtunza, nitamwita Signora kama ninavyomwita kila siku, ana miaka 91. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Anapata pensheni yake, na juu ya pensheni anapata posho ya kusaidiwa, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1980. Posho hiyo haiangalii umaskini wa mtu. Ukithibitishwa kwamba huwezi kutembea bila msaada, au huwezi kujifanyia mambo ya kila siku peke yako, unapewa, uwe tajiri uwe fukara, na inazidi euro 500 kwa mwezi. Sehemu ya mshahara wangu hutoka humo. Mwanawe ameajiriwa, na kwa sheria nambari 104 ya mwaka 1992 ana haki ya siku tatu kila mwezi za kumhudumia mamake bila kukatwa mshahara. Daktari wa familia akiitwa huja mpaka chumbani.

Na mimi nina mkataba. Saa 54 kwa wiki kwa sisi tunaolala hapo hapo kazini, mapumziko ya saa 36, na mwajiri ananilipia michango ya uzeeni wangu mimi. Nilipoisoma ile karatasi mara ya kwanza nilikaa nayo muda mrefu. Sheria za nchi hii zilipoingia katika nyumba ya mzee mmoja ziliona watu watatu: mzee mwenyewe, mtoto wake, na anayemshika mkono.

Lakini Signora ni mpweke, na upweke wake hauna posho. Zamani alikuwa akienda kusoma katika Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu, masomo ya wazee yaliyoanzia mji huu huu mwaka 1975; alisoma historia ya sanaa na Kihispania akiwa na miaka zaidi ya 70. Magoti yalipokataa, ikawa basi. Tuko ghorofa ya nne. Zinapita siku nzima bila yeye kusikia sauti ya mtu mwingine zaidi yangu na ya televisheni. Mwezi wa Agosti ndio mbaya zaidi, mji unahama kwenda baharini na ngazi zinakuwa kimya. Agosti ya mwaka 2003 joto liliua maelfu ya wazee Ulaya, na wengi walifia ndani ya nyumba zao bila mtu wa kuwafungulia dirisha. Baada ya hapo Italia iliweka mpango wa tahadhari ya joto, na huo ni mpango mzuri. Ila tahadhari si mgeni, haiketi ikanywa kahawa na wewe.

Siku moja nilikuwa naongea na Mama kwa simu ya video, Signora ameketi karibu yangu. Kila baada ya dakika mtu anapiga hodi kule nyumbani Maweni. Shikamoo mama. Marahaba. Umeamkaje? Mwuza samaki, mtoto wa jirani, mzee aliyepita kuuliza kama mgonjwa amelala salama. Signora akaniuliza, "Katika nyumba ya mama yako mnaishi wangapi?" Nikamwambia wanaishi wawili, Mama na msichana anayemwangalia. Hakuniamini. Alinitaka nimweleze wale wengine ni nani, na nilipomwambia ni wapita njia alinyamaza, kisha akaniomba nimgeuzie kiti kielekee dirishani.

Hilo ndilo letu, na ni kubwa. Lakini salamu haimgeuzi mgonjwa kitandani.

Mama alipata kiharusi mwaka 2019. Dada yangu alikuwa na meza ya mitumba sokoni, biashara ya kujitafutia mwenyewe. Aliifunga wiki ile ile. Miaka minne alimwogesha, akambeba, akalala chini ubavuni mwa kitanda chake. Mimi nilikuwa natuma pesa kila mwezi, na kila mara naandika ujumbe: za dawa, za chakula cha Mama, za nepi. Jina la dada yangu sikuliandika hata siku moja. Sikuona kwamba ile nayo ni kazi, mimi ambaye kazi hiyo hiyo ndiyo iliyonileta Ulaya, na ninalipwa kwa saa. Mgongo wake ulipoharibika kabisa ndipo tukamtafuta msichana kutoka Marafa.

Kuna jambo jingine bado linaniuma. Wiki zangu za mwanzo huku nilifundishwa na nesi kumgeuza mgonjwa kila saa mbili, kumwekea mto katikati ya magoti na chini ya miguu ili visigino visiguse godoro, kuangalia ngozi ya kiunoni kila asubuhi kama imeanza kuwa nyekundu. Dada yangu hakufundishwa na mtu. Mama alipata kidonda cha kulalia kilichochukua miezi saba kupona. Dada alidhani amefanya uzembe, na mpaka leo akikitaja anaangalia chini. Hakuwa mzembe. Alirudishwa kutoka hospitali na mgonjwa na karatasi ya dawa, basi.

Sasa tazameni mipango yetu. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inataka Serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia zao na kwa Serikali. Mzee kwa Katiba hiyo ni aliyepita miaka 60. Fedha za wazee zilianza kidogo kidogo mwaka 2006, na tangu 2018 mpango wa Serikali wa Inua Jamii umefunguliwa kwa waliofika miaka 70 wasio na pensheni, shilingi 2,000 kwa mwezi. Siidharau hata kidogo. Ninajua bibi waliokuwa hawana sauti nyumbani mwao ambao sasa hununua sukari kwa pesa yao wenyewe, na wajukuu wanawasikiliza. Lakini mzee wa kitandani akinunua nepi za watu wazima, hizo elfu mbili hazimalizi mwezi. Na katika hesabu hiyo ya wazee hakuna hata senti ya anayemtunza. Kifungu cha 57 kinasema familia na Serikali. Serikali imetoa chake kidogo, na neno familia limeachwa hivyo hivyo, kana kwamba familia haina jina, wakati kila nyumba inajua jina hilo. Ni binti ambaye hakuolewa, au mke wa mtoto mdogo, au mjukuu aliyetolewa shule.

Na kwa wale wanaosema sisi hatuwatupi wazee, naomba tusemezane ukweli wa kaunti yetu. Hawe yangu, mamake Mama, aliishi upande wa Magarini. Kila mwezi shangazi zangu walimpaka piko nywele zote. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni urembo. Walikuwa wanaficha mvi. Kilifi yetu hii, mzee mwenye mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni anaweza kuitwa mchawi jioni na asubuhi akakutwa amekatwa panga, na ukichimba kidogo chini ya neno uchawi unakuta shamba. Wako wazee waliokimbilia Kaya Godoma, kimbilio la wazee kule Ganze, kwa sababu watu waliotaka kuwaua ni watoto wao wa kuwazaa. Na katikati ya mji wa Malindi tumemsimamishia sanamu Mekatilili wa Menza, mjane mtu mzima aliyewaongoza Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913. Ninavyoona mimi, anayewindwa kwanza ni yule ambaye hakuna mtu anayeingia na kutoka chumbani kwake. Penye mtunzaji anayejulikana, anayekuja kila siku na anayetambuliwa na chifu, maneno ya gizani hukosa mahali pa kukaa.

Msiniambie kwamba kumtunza mzee ni mapenzi na hayana bei. Bei yake Malindi inajulikana. Waitaliano wastaafu wamejenga kwetu miaka na miaka, na wanaozeekea pale wanaangaliwa na wasichana wetu kwa mshahara. Msichana huyo huyo akirudi nyumbani kumwangalia hawe yake, tunasema amekaa bure.

Ninachoomba kwa kaunti si kujengewa nyumba kubwa ya wazee kama za huku. Nimezifanyia kazi pia, ni safi, na mwaka 2020 corona ilipoingia humo, hasa kule Lombardia, watu walikufa bila kushikwa mkono na wa kwao. Tunao tayari wahudumu wa afya ya jamii. Mwaka 2023 nchi nzima walipewa mikoba, takriban watu 100,000, na ndani mna kipimo cha presha na cha sukari. Wanapita nyumba kwa nyumba. Waongezewe kazi moja na walipwe kwa ajili yake: kumfundisha anayemtunza mzee wa kitandani jinsi ya kumgeuza, kumwinua bila kuvunjika mgongo, kumlisha asipaliwe. Waandike jina la mtunzaji katika daftari, liwe jina la mtu, si neno familia. Na jina likishaandikwa, lipewe posho, hata ikianza ndogo kama ilivyoanza ile ya wazee. Na mikutano ya kuchukua maoni ya wananchi ifanyike chini ya mwembe kijijini, au basi itumwe tuktuk ya kuwaleta wazee. Bajeti inayowahusu haifai kusomwa katika ukumbi wa ghorofani.

Sisi tulio nje nasi hatuhitaji kungoja kaunti. Msichana wa Marafa sasa ana Alhamisi alasiri na Jumapili, sawa na zangu, na nimeanza kumwekea NSSF. Baadhi ya jamaa waliniona nimezidisha. Dada yangu namtumia zake mbali na za Mama, na ujumbe una jina lake. Amefungua meza tena, ndogo, karibu na nyumbani. Jumapili anakuja binti yake kukaa na nyanyake, naye analipwa. Mwanzo Mama alikataa. Alisema mjukuu halipwi kumshika hawe yake. Nikamwuliza mimi nalipwa kumshika mama wa nani. Alikaa kimya kidogo, kisha akataka kujua Signora anakula nini asubuhi, na kama kuna mtu huwa anampigia hodi. Tangu siku hiyo kila Jumapili nawaunganisha kwenye simu. Hawana lugha moja. Mama humwambia shikamoo, kwa sababu Signora ndiye mkubwa, na Signora ameshajifunza kuitikia.